Baba alikuwa mkulima tu, wasifu wake tuandike nini?

Mshauri wetu, shikamoo.

Baba yetu alifariki mwezi Januari mwaka huu, tukamzika nyumbani kwenye kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hapa Marangu. Wasifu wake uliandikwa usiku wa kuamkia maziko na binamu yetu mwenye kompyuta. Ulikuwa na mistari minane: alizaliwa 1944, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la nne, akafunga ndoa, akawa mkulima, akaugua, akafariki, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Msomaji alimaliza kabla watu hawajakaa sawasawa kwenye viti. Mama hakusema neno, ila nilimwona alivyoinamisha uso.

Desemba hii ukoo wote utakuwa nyumbani kwa Krismasi, na tumekubaliana ibada ya kuweka msalaba iwe tarehe 27. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu mpya, wa kusomwa siku hiyo na wa kuchapwa kijitabu kidogo. Nimekaa na karatasi, nimeshindwa. Baba hakuajiriwa, isipokuwa muda mfupi Arusha ujanani, na hata mwaka wenyewe hatuujui. Hakuacha shajara. Maandishi yake pekee ni tarakimu za kalamu ya risasi na chaki upande wa ndani wa mlango wa ghala, tarehe na namba tupu ambazo hakuna anayezielewa.

Lakini huyu ni mtu aliyeujua kila mgomba wake. Mringaringa ulioko nyuma ya zizi alikataa usikatwe hata mnunuzi wa mbao alipokuja na fedha mkononi. Ada zetu zote sita zilitoka kwenye kahawa na maziwa. Kila mkwe wake alipojifungua alipeleka mbuzi na mkungu wa ndizi za mchare mwenyewe, hakutuma mtu.

Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, anaona tuandike mambo ya heshima: kwamba baba alikuwa mzee wa kanisa na balozi wa nyumba kumi. Ameshaagiza malumalu za kujengea kaburi pamoja na sakafu ya mita nne kwa nne kuzunguka, na anataka ghala lipakwe rangi kabla ya wageni kufika. Anataka pia wasifu utamke kwamba baba alimkabidhi mdogo wetu wa mwisho kihamba. Sitaki ugomvi, ila sitaki baba asomewe tena mistari minane. Nianzie wapi?

Binti wa pili, Marangu

JIBU

Marahaba, binti yangu, na poleni nyote kwa msiba.

Anza na simu kwa kaka yako, leo hii, umwombe rangi ya ghala isubiri. Mlango huo ndio shajara unayosema baba hakuiacha, na brashi moja inaufuta wote kwa dakika kumi. Usiuguse kwa kitambaa, kikavu wala kibichi, kwa sababu chaki hutoka kwa kuguswa tu. Usiupake vanishi ukidhani unaulinda. Vanishi hulowesha chaki ikapotea machoni. Upige picha asubuhi au jioni jua likiwa chini, mlango ukiwa wazi nusu ili mwanga uupitie kwa ubavu. Mwanga wa ubavu huonyesha hata mikwaruzo ya kalamu ya risasi iliyofifia, ilhali flashi ya simu huimeza. Piga kwanza mlango mzima, kisha vipande vipande kuanzia juu, kila picha ikichukua theluthi ya picha iliyotangulia, na weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Baada ya hapo, kaka akitaka ghala jipya machoni, fundi aung'oe mlango na bawaba zake na aweke mwingine. Wa zamani usimame ndani, pakavu, maandishi yakitazama ukuta bila kuugusa. Rangi ipakwe, wageni wafurahi, na kumbukumbu ibaki.

Sasa zisome hizo namba. Mkulima wa kahawa na ng'ombe wa zizi ana mambo machache anayohitaji kuyaandika, na kila moja lina alama yake. Tarehe mbili zinazopishana siku 280 hivi ni ng'ombe: ya kwanza kapandwa, ya pili kazaa. Ukikuta tarehe zinazofuatana kwa siku 21 hivi, ng'ombe hakushika mimba, akarudia joto. Namba zilizoandikwa kati ya Julai na Desemba huenda ni kilo za kahawa, kwa sababu huo ndio msimu wa kuvuna upande wenu. Hapo jihadhari: usijumlishe kila unachokiona. Kilo tano hivi za matunda mekundu hutoa kilo moja ya kahawa ya maganda, kwa hiyo kama mwaka mmoja umesoma 1,500 na unaofuata 300, huenda baba hakuvuna kidogo; aliacha kuandika mbivu akaanza kuandika maganda. Peleka namba hizo kwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika alichouzia, mlinganishe na daftari lao la mapokezi. Ukipata hata misimu mitatu inayolingana, umeshapata ufunguo wa mlango mzima.

Hesabu hizo zikikaa sawa, utaweza kuandika kwamba mwaka fulani, mtoto wa tatu alipoingia sekondari, kihamba hiki kilitoa kilo kadhaa na ada ikalipwa. Hakuna mzee wa kanisa mwenye cheo kizito kuliko sentensi hiyo.

Kuhusu miaka usiyoijua, usimuulize mzee yeyote "ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka wowote ili kukuridhisha. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo analolikumbuka. Kwa wenzake baba yako walioko Marangu unazo nguzo nyingi: Thomas Marealle kusimikwa Mangi Mkuu mwaka 1952, mwenge kuwekwa kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha 1967, vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa 1976, bei ya kahawa kupaa 1976 na 1977 baada ya baridi kuunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975, vita vya Kagera 1978 na 1979, wanunuzi binafsi kuruhusiwa kununua kahawa miaka ya katikati ya 90, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Swali la Arusha linakuwa hivi: "Baba alipoondoka kwenda Arusha, mwenge ulikuwa umeshapandishwa? Aliporudi, alikuwa ameshaoa?" Kwa maswali mawili umebana muda ukabaki miaka michache, na hapo unaandika "mwanzoni mwa miaka ya 60" bila kudanganya mtu.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ihakikishwe kabla msalaba haujachongwa. Kwa watu wa umri wake, kitambulisho cha taifa na kadi ya mpiga kura mara nyingi hubeba tarehe ya kukadiria, na tarehe 1 Januari au 1 Julai ndiyo dalili yake. Nenda ofisi ya usharika uombe kitabu cha ubatizo na cha kipaimara. Kama aliyebatizwa alikuwa mtoto mchanga, kitabu hicho ndicho kinachoaminika zaidi kuliko vyote. Vyanzo vikigongana na hakuna namna ya kuamua, andika mwaka peke yake. Karatasi iliyokosewa huchapwa upya. Jiwe lililokosewa hununuliwa upya.

Halafu ongea na watu, na usianze na ndugu wa mjini. Hao watakupa sifa. Wanaojua mambo ni jirani aliyepakana naye kwenye masale (mimea ya mpaka), mwenzake wa zamu kwenye mfongo (mfereji wa maji ya shamba), aliyekuwa ananunua maziwa, kibarua aliyepogoa naye kahawa, na mtu yeyote ambaye baba alimwekea ng'ombe amfugie. Huyo wa mwisho mtafute kwa bidii. Mifugo iliyowekwa kwa watu ni desturi ya huko, makubaliano yake hukaa kichwani, na mwenye kichwa akifa mambo hupotea. Utapata hadithi ya wasifu, na huenda ukapata na ndama.

Kila mmoja mpe nusu saa, kwake, ikiwezekana akiwa anafanya kazi yake. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu mfukoni mwa juu au juu ya kigoda, isiwe mbele ya uso wake. Maswali yawe ya vitu. Alikuwa wa kwanza kufika au wa mwisho siku ya kusafisha mfongo? Zamu yake ya maji ilikuwa siku gani, na aliwahi kumwachia mtu? Mpaka wenu mliwahi kuugombea, na mlimalizaje? Alipogoa kahawa mwenyewe au aliweka mtu, na alibakiza mashina mangapi? Alipokwenda porini, shamba la tambarare, kupanda mahindi mwezi Machi alitoka saa ngapi, na nani alibaki na ng'ombe? Kwa nini alikatalia mringaringa? Hili la mwisho waulize wote, usikie majibu yanavyotofautiana. Mmoja atasema ni kivuli cha kahawa, mwingine atasema ulipandwa na babu yenu, mwingine ana sababu ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuisikia. Jioni hiyohiyo andika uliyosikia. Ukingoja kesho, utabaki na uliyotaka kusikia.

Mama yako muulize mwisho, ukiwa umeshakusanya ya wengine, kwa sababu atasahihisha. Na kuna jambo moja la kumuuliza kabla ya yote. Umeandika ada zilitoka kwenye kahawa na maziwa. Katika kaya nyingi za Uchagani kahawa ilikuwa ya baba, lakini maziwa na ndizi vilikuwa vya mama: ndiye aliyekata majani, ndiye aliyekamua, ndiye aliyepeleka sokoni. Usije ukasimama kanisani ukampa marehemu mapato ya mjane wake aliyekaa mstari wa mbele. Huenda ndiyo sababu aliinamisha uso.

Sasa kuandika. Kwenye misiba yetu kamati ya chakula hukutana mara tano, ya usafiri mara tatu, na wasifu huachiwa mwenye kompyuta. Wenye kompyuta wote wana fomu moja: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, ugonjwa, mwisho. Fomu hiyo iliundwa kwa watu wa ofisini. Ukimwingiza mkulima humo, miaka hamsini ya kazi yake inakuwa neno moja, "mkulima", na ugonjwa wa miezi mitatu unapata mistari minne. Wewe igeuze. Kuzaliwa, ubatizo, shule na ndoa vipe aya moja. Ugonjwa sentensi mbili, bila majina ya dawa wala hospitali alizohamishwa. Katikati yote ipe ardhi na watu aliowalisha kwa ardhi hiyo.

Kipimo changu ni hiki: sentensi inayoweza kusomwa kwenye msiba wa jirani bila kubadilishwa, ifutwe. "Alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda familia" inasomwa kila Jumamosi kutoka Rombo hadi Siha. Badala yake, kwa yale uliyonipa tu, tayari unaweza kuandika hivi:

"Kahawa na maziwa ya kihamba hiki ndivyo vilivyolipa ada za watoto wake sita. Hesabu zake aliziweka kwenye mlango wa ghala, kwa chaki na kalamu ya risasi, na bado zinasomeka. Mringaringa ulioko nyuma ya zizi mnunuzi wa mbao aliufuata na fedha mkononi, akakataa, kwa sababu… Wakwe zake wote wanakumbuka siku walipojifungua: alifika mwenyewe, mbuzi kwa kamba na mkungu wa mchare begani, akasalimia, akamtazama mtoto, akaondoka kurudi kukata majani kabla giza halijaingia."

Mahali penye nukta ni pa kujaza kwa jibu ulilopata kwa mashahidi. Na hizo habari za kamba, za begani, za kumtazama mtoto na za kurudi kukata majani nimezibuni ili uone namna. Ziondoe kama hakuna mkwe anayezishuhudia. Ukibuni kitu kimoja kizuri, jirani mmoja atanong'ona, na wasifu mzima utatiliwa shaka.

Kaka yako msimpinge kuhusu uzee wa kanisa na ubalozi. Ana haki, ila vyeo navyo viandikwe kama kazi. Aliingia mwaka gani, alitumikia mtaa upi, miaka mingapi, na jambo gani lilifanyika mikononi mwake: darasa lilijengwa, barabara ilichimbwa, wagombanao walipatana. Mwombe kaka akusanye hayo mwenyewe kwa wazee wenzake na akuletee aya moja kufikia mwisho wa Novemba. Mtu aliyepewa aya yake hana muda wa kuvuruga za wengine.

Lakini hilo la kumtangaza mdogo wenu kuwa amekabidhiwa kihamba lisiingie, hata kwa sentensi ya kupamba. Najua kwa mila yenu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na boma la baba, na huenda kweli baba alitamka hivyo. Wasifu si mahali pa kulithibitisha. Ukisomwa mbele ya mchungaji na watu mia tatu bila mtu kupinga, kesho utashikwa kama ushahidi kwamba ukoo ulikubali. Na mwenye dukuduku atalazimika kusimama papo hapo, juu ya kaburi, kupinga. Kanuni za kimila za mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kama mashahidi hao wapo, wapelekwe kwenye kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kisha mahakamani kwa ajili ya kuteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na hapo ndipo mlango wa ghala, hisa za chama cha msingi, malipo ya kahawa ambayo hayajachukuliwa na ng'ombe walioko kwa watu vitakuwa na kazi nyingine. Msikifanye kikao hicho tarehe 26. Kifanyeni mapema au baada ya ibada.

Orodha ya watoto na wajukuu isomwe kwa sauti kwenye kikao cha familia kabla ya kuchapwa. Makosa ya wasifu mengi yako hapo: mjukuu aliyezaliwa baada ya maziko, mkwe aliyetengana na mtoto wenu, mtoto ambaye baba alimtambua lakini hakulelewa nyumbani. Aliyetambuliwa na baba aandikwe kwa jina lake kwenye nafasi yake ya umri, bila maelezo. Kama wapo wawili wasiokubaliana juu ya jina, mama ndiye mwamuzi. Rasimu ya kwanza msomee yeye, peke yenu, jikoni. Akisema "hili toa", litoke, hata kama ndilo ulilolipenda kuliko yote.

Urefu: msomaji wa kanisani asiyekimbia husoma maneno 100 hivi kwa dakika. Omba dakika sita, andika maneno 550, utabaki na nafasi ya kumeza mate. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba, na kila ukurasa uishie kwenye nukta, kwa sababu karatasi ikigeuzwa katikati ya sentensi sauti hukatika. Msomaji asisome kwenye simu. Awe mtu aliyesoma kwa sauti angalau mara mbili mbele ya mtu, na awepo wa pili mwenye nakala yake amesimama karibu, ili wa kwanza akizidiwa na machozi wa pili aendelee pale pale bila kuanza upya. Mtoto wa marehemu anaweza kusoma, lakini aya ya mama na ya wajukuu ampe mwingine.

Kijitabu chaweza kubeba zaidi, maneno 1,200 hadi 1,500. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa nane, na wachapaji hufanya kazi kwa nne nne, kwa hiyo usipange kurasa saba. Picha ya mlango wa ghala ipate ukurasa mzima, na ukurasa unaotazamana nao uwe na tafsiri ya namba mlizozielewa. Picha za zamani ziskaniwe kwa doti 600 kwa inchi, hasa zile ndogo za pasipoti. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili, kwa maana zikitumwa kama picha hubanwa na mchapaji atawapa uso wenye ukungu. Nakala hesabuni kwa kaya, si kwa watu.

Nije kwenye kaburi. Ujenzi baada ya masika ni sawa, udongo umeshashuka. Tatizo la malumalu makaburini ni kwamba mafundi humwaga zege juu ya udongo wa kaburi lenyewe, udongo ule unaendelea kushuka taratibu, zege linavunjika katikati na malumalu zinabanduka msimu wa pili. Bamba la zege linatakiwa likae juu ya ardhi ambayo haikuchimbwa, pande zote. Kwa kaburi la mita 2.1 kwa 0.9, bamba liwe mita 2.6 kwa 1.4, unene wa sentimita 10, nondo za milimita 10 zikipishana kila sentimita 20 kwa urefu na kwa upana. Mchanganyiko ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto; mifuko mitatu hadi minne itatosha pamoja na kingo. Lifunikwe na magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba, ndipo malumalu zipandishwe. Kwa hiyo fundi aanze mwanzoni mwa Desemba, si tarehe 20.

Hilo bamba ni kama mita za mraba tatu na nusu. Sakafu ya kaka ni kumi na sita. Kwa upandaji wa zamani wa futi tisa kwa tisa, kila mkahawa unachukua mita za mraba saba na nusu, maana yake sakafu hiyo inakula mikahawa miwili ya baba yako na kidogo zaidi, na maji yote ya mvua yatakayoteleza juu yake yatamwagika sehemu moja na kuchimba mtaro shambani. Mpelekee kaka hesabu hiyo kwa utulivu. Malumalu alizonunua zitatosha bamba na kingo, zitakazobaki ziende kwenye jiko la mama. Pembeni tandazeni kokoto na panda masale kwenye pembe nne. Jina lichongwe, herufi za rangi hufifia haraka juani.

Siku yenyewe, turubai na magari yapangiwe mahali mapema. Vijana wa kufunga turubai hukata matawi ya kahawa yanayowasumbua bila kumuuliza mtu, na Desemba bado kuna matunda ya mwisho juu ya mti. Moto wa masufuria makubwa usiwashwe juu ya mizizi ya mringaringa. Na kama kahawa haijapogolewa tangu baba alale, itakuwa imejaa maotea. Mdogo wenu ayaondoe mavuno yakishaisha, Januari na Februari, abakize mashina mawili au matatu kwa kila kisiki. Mikahawa iliyozeeka sana ikatwe kwa zamu, theluthi kila mwaka, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mkato uinamie ili maji yasituame. Ukikata yote kwa pamoja mama atakaa karibu miaka miwili bila fedha ya kahawa.

Kuna atakayesema mpande mti wa kumbukumbu siku hiyo. Msipande. Mti unaopandwa tarehe 27 Desemba unakuta Januari na Februari kavu, waliopiga nao picha wameshapanda mabasi, na ifikapo Machi ni kijiti. Siku ya ibada wajukuu wachimbe shimo, sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, udongo wa juu ukae kando na wa chini kando, angalau mita tano kutoka kaburini. Warudishe ule wa juu kwanza, umechanganywa na madebe mawili ya samadi iliyooza. Mche wa mringaringa uingie mvua za masika zikishashika, wiki ya tatu au ya nne ya Machi. Mkaratusi hapana, hasa karibu na mfongo. Unakunywa maji ya watu. Aandikwe kwa jina, kwenye muhtasari wa kikao, nani atakuwepo nyumbani Machi kuupanda na nani atauzungushia miti ili ndama wasiumalize.